Printa ya kushea nyumbani: ipe anwani yake, usiitundike kwenye PC ya mtu

Mkuu nimekusoma. Printa yako ina USB na waifai, umeichomeka kwa waya kwenye PC ya mezani ya mzee halafu ukaishea kwa Windows, sasa mzee akizima PC yake nyumba nzima hamprinti, na hata ikiwa imewashwa asubuhi zile laptopu nyingine zinaandika "Offline". Mimi kwenye ukoo wetu ndiye napigiwa simu kitu kikigoma, kwa hiyo printa za namna hii nimekutana nazo nyingi tu, na jibu langu siku zote huwa ni hilohilo: chomoa huo waya wa USB.

Sikatai, kushea kupitia PC kunafanya kazi, ila unakuwa umeweka mtu wa kati asiye na sababu ya kuwepo. PC ikilala, printa imelala nayo. Halafu tangu 2021 Windows yenyewe imekuwa ngumu kwenye hili eneo, maana mwaka ule ilipatikana tundu kubwa la usalama kwenye Print Spooler (huduma ya Windows inayoshika foleni ya kuprinti), ile waliyoipa jina la PrintNightmare, Microsoft wakaanza kukaza kila mahali, mtu wa kawaida haruhusiwi tena kuinstoo draiva ya printa bila haki za admini, na baada ya masasisho ya Septemba 2021 watu wengi waliokuwa wanashea printa wakaanza kuona eraa 0x0000011b. Utakuta mitandaoni wanakwambia nenda kwenye rejista (Registry, ghala la setingi za ndani za Windows) weka RpcAuthnLevelPrivacyEnabled iwe 0. Ndiyo, eraa inaondoka, lakini umezima kinga yenyewe. Ya nini, wakati printa ina waifai yake?

Kwanza iunganishe na rauta. Kama ina tundu la waya wa mtandao na rauta iko karibu tumia waya, ugomvi wote wa waifai unaisha hapo. Kama ni waifai, jua printa nyingi za nyumbani zinashika 2.4 GHz tu, kwa hiyo usishangae ukitafuta jina la waifai yako ya 5 GHz hulioni kabisa kwenye orodha ya printa. Laptopu zikiwa kwenye 5 na printa kwenye 2.4 haina shida, mradi zote ni za rauta moja na mtandao mmoja. Printa isiyo na skrini tumia WPS (kuunganisha kwa kitufe bila kuandika nywila), bonyeza kitufe cha rauta kisha cha printa. Na usiiweke kwenye waifai ya wageni, ile imetengenezwa makusudi ili vifaa visionane.

Ikishashika, printi ukurasa wa setingi za mtandao (upo kwenye menyu, au unashikilia kitufe fulani, manyua itakwambia) uangalie anwani ya IP (namba ya printa kwenye mtandao wa nyumbani). Kama inaanza na 169.254 maana yake haijapewa kitu na rauta, imejipa yenyewe, rudi nyuma uunganishe upya. Kama ni kitu kama 192.168.1.37 na laptopu zako nazo zinaanza na 192.168.1 uko pazuri.

Sasa hapa ndipo palipo na ugonjwa wa "Offline" kwa watu wengi, soma taratibu. Hiyo anwani printa imekopeshwa tu na rauta kwa DHCP (utaratibu wa rauta kugawia vifaa anwani). Rauta ikizimwa ikawashwa, au muda wa mkopo ukiisha printa ikiwa imezimwa, inaweza kurudi ikapewa nyingine, na laptopu zinaendelea kugonga mlango wa nyumba ambayo mpangaji ameshahama. Dawa ni kuingia kwenye rauta, kwenye sehemu ya DHCP, ukaihifadhia printa anwani moja kwa kutumia MAC yake (namba ya utambulisho ya kifaa, ipo kwenye ukurasa uleule wa mtandao). Kuna rauta zinaiita "Address Reservation", nyingine "Static Lease", kitu ni kilekile. Mimi napenda njia hii kuliko kuandika anwani kwa mkono ndani ya printa, kwa sababu ukiandika kwa mkono namba iliyo ndani ya fungu ambalo rauta inagawa, kuna siku itampa simu ya mtu namba hiyohiyo na vifaa viwili vitaanza kugombana, na hilo ni tatizo baya kulitafuta maana linakuja na kuondoka. Rauta yako ikiwa haina hiyo sehemu basi andika kwa mkono, ila nje ya fungu, mfano inagawa 100 mpaka 200 wewe ipe 20. Na jambo moja watu hawalijui, MAC ya waifai na MAC ya waya kwenye printa moja ni tofauti, kwa hiyo ukihama kutoka waifai kwenda waya unahifadhi upya.

Baada ya hapo nenda kwenye kila laptopu ya Windows ufute printa ya zamani, usiiache ikae pembeni maana mtu ataichagua tu. Ongeza mpya, lakini usiiache Windows iitafute yenyewe, chagua kuongeza kwa mkono kwa anwani ya IP na kwenye aina ya kifaa weka "TCP/IP Device". Sababu ni kwamba Windows ikijitafutia mara nyingi inaweka poti ya WSD, ambayo inategemea vifaa kuitana na kuitikiana mtandaoni, na printa ikilala usingizi mzito haiitikii, basi Windows inaamua imekufa. Ukitaka kujua yako ikoje fungua properties za printa, upande wa "Ports", ukiona WSD ndiyo hiyo. Ya TCP/IP inapeleka kazi moja kwa moja kwenye poti 9100 bila maswali mengi.

Humohumo kwenye "Configure Port" kuna kiboksi kinaitwa "SNMP Status Enabled". Kitoe tiki. Windows inatumia SNMP kuiuliza printa hali yake, isipojibiwa inaandika Offline wakati printa iko nzima kabisa imekaa inasubiri kazi. Kama ni mashine yenye skana, jua kwamba poti hii ni ya kuprinti tu, skana utainstoo kivyake kwa programu ya mtengenezaji.

Simu ndiyo rahisi. iPhone zina AirPrint (kuprinti bila draiva) tangu 2010, Android nyingi zina huduma ya kuprinti ndani yake tayari, na printa nyingi za miaka ya karibuni zinazielewa zote mbili. Simu isipoiona printa angalia mambo matatu, VPN imewashwa kwenye simu, simu iko kwenye waifai ya wageni, au rauta ina kitu kinaitwa "AP Isolation" (kinazuia vifaa vya waifai visionane) kimewashwa. Simu na printa zinatafutana kwa mDNS (njia ya vifaa kujitangaza kwenye mtandao wa nyumbani) na ile haivuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Kwenye Android unaweza pia kuandika IP ya printa kwa mkono na yakaisha. Kompyuta za Mac na Linux sina la kusema sana, zote zinatumia CUPS (mfumo wao wa kuprinti), zinaikuta printa zenyewe.

Na kwa wale watakaouliza printa yao ni ya zamani ina USB peke yake: tundu la USB la rauta linaweza kusaidia ila baadhi zinadai programu yao maalumu kwenye kila kompyuta, na kuskani mara nyingi sahau. Mimi ningeweka Raspberry Pi (kikompyuta kidogo cha Linux) iwe ndiyo mtu wa kati anayekaa macho muda wote, hata ile ndogo ya Zero W inatosha, unainstoo cups, unajiweka kwenye kundi la lpadmin (wanaoruhusiwa kusimamia printa), unapiga `sudo cupsctl --remote-any --share-printers`, kisha unaiongeza printa kupitia ukurasa wa CUPS unaoufungua kwenye kivinjari kwa IP ya Pi, poti 631. Lakini KABLA hujanunua chunguza draiva, kuna watengenezaji wanatoa draiva ya Linux kwa prosesa za x86 tu (zile za PC za kawaida) na Pi ni ARM, aina nyingine ya prosesa, utabaki na kiboksi kizuri kisichoprinti chochote.

Mengine madogo. Angalia kwenye menyu ya printa kama kuna "Auto Off", hii si kulala, hii inajizima kabisa baada ya saa kadhaa na hakuna mtandao utakaoiamsha, na kwa kuwa shida yako inatokea asubuhi hata mimi ningeanza na hilo. Weka nywila kwenye ukurasa wa setingi wa printa, ule unaofunguka ukiandika IP yake kwenye kivinjari. Usifungue poti yake kwenye rauta ili uprinti ukiwa mbali, utakuta watu usiowajua wanakumalizia karatasi. Na kazi ikikwama kwenye foleni haifutiki, fungua cmd kama admini, piga `net stop spooler`, futa vilivyomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS (vilivyomo, siyo folda), halafu `net start spooler`.

Anza na laptopu moja kwanza, iache ilale usiku na printa ilale, asubuhi jaribu. Ikigoma tena rudi hapa na modeli ya printa, jina la poti unaloliona kwenye "Ports", na kama ukipiga `ping` kwenye ile IP inajibu au haijibu. Ikijibu tatizo ni la Windows, isipojibu tutahamia kwenye rauta.