Kabla Hujachomelea Bampa la Chuma, Pima Nafasi Iliyopo Mbele ya Rejeta

Bampa la kwanza la chuma nililolichomelea kwa mikono yangu ndilo lililotoboa rejeta ya mteja wangu. Wakati huo nilikuwa na miaka michache tu katika kazi ya bodi hapa Unga Limited, Arusha, na niliamini kuwa kadiri chuma kinavyokuwa kinene ndivyo gari linavyokingwa. Nilichukua paipu ya inchi tatu, nikaikunja kufuata uso wa Noah, kisha nikaifunga kwa bolti nne kwenye sapoti ya rejeta, yaani fremu ya bati inayoishikilia rejeta, kwa sababu tu hapo palikuwa na matundu tayari na sikutaka kuhangaika kutoboa mengine.

Wiki chache baadaye mteja huyo aligonga nyuma ya Canter iliyofunga breki ghafla kwenye tuta karibu na Kikatiti. Mwendo ulikuwa mdogo, kwani taa zote mbili zilikuwa nzima na boneti ilifunguka bila kulazimishwa. Nilipochungulia ndani nilikuta paipu yangu haijapinda hata kidogo, ila sapoti ilikuwa imerudi nyuma pamoja nayo, na vichwa viwili vya bolti vilikuwa vimejichora kwenye kondensa, kile kipozeo cha gesi ya AC, kama mihuri, vikapita hadi kwenye rejeta iliyo nyuma yake. Nilikuwa nimetengeneza nyundo na kuielekeza kwenye kile nilichopaswa kukilinda.

Tangu hapo nimejifunza kuangalia jinsi wahandisi wa kiwandani wanavyopanga sehemu hiyo, na ninamshauri kila mwenye gari afanye hivyo kabla ya kuongeza chochote. Ukivua bampa la plastiki la gari dogo la siku hizi utakuta sponji ngumu, na nyuma yake mhimili wa chuma au alumini unaokatiza gari kutoka upande hadi upande. Mhimili huo haugusi sapoti ya rejeta. Umefungwa kwenye maboksi mawili mafupi ya bati, kila moja mbele ya mhimili mkuu wa bodi unaotoka pembeni mwa injini. Maboksi hayo yana mikunjo au mashimo yaliyowekwa makusudi ili yakigongwa yajikunje kama kopo la soda linalokanyagwa kwa juu, na kazi yao ni kufa mapema. Wazo la kuruhusu sehemu ya mbele ibonyee ili iliyo nyuma isalimike lina umri mkubwa: mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz alilipatia hataza mwanzoni mwa miaka ya 1950, ingawa yeye alikuwa akiwafikiria abiria, si rejeta.

Hesabu yake si ngumu. Gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 15 kwa saa lina nishati ya takriban jouli 13,000, na nishati hiyo ni lazima iishie mahali fulani. Ikiwa sehemu ya mbele itabonyea sentimita 12 kabla gari halijasimama, nguvu ya wastani inayosukuma nyuma inalingana na uzito wa tani 11 hivi. Ikibonyea sentimita 3 tu kwa sababu umeweka chuma kisichokubali kupinda, nguvu hiyo inafika tani 44, na itatafuta kitu kilicho dhaifu zaidi ili ikivunje. Kwenye Noah ile, kitu dhaifu kilikuwa sapoti. Zingatia pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili nishati huongezeka mara nne, kwa hiyo asikudanganye fundi yeyote kwamba bampa lake litaokoa rejeta kwa mwendo wa kilomita 80. Vituo vya utafiti vya kampuni za bima huko nje hugongesha magari ukutani kwa kilomita 15 kwa saa, asilimia 40 tu ya upana wa gari ikigusa ukuta, kwa lengo la kuona gharama ya matengenezo itafika wapi. Huo ndio mwendo wa foleni na wa kwenye matuta, na ndipo rejeta inapoweza kuokolewa.

Kwa hiyo, ukitaka bampa la chuma, na wengi wanaoendesha njia ya Makuyuni wana sababu ya kulitaka kwa ajili ya ng'ombe na punda wanaovuka barabara, swali la kwanza kwa fundi liwe: utalifunga wapi? Kwenye Land Cruiser yenye chesisi, breketi zifungwe kwenye ncha za chesisi. Kwenye gari lisilo na chesisi zifungwe pale pale yanapokaa maboksi ya kiwandani, na maboksi yasiondolewe. Mimi sasa hutengeneza breketi kwa bati jembamba kuliko paipu yenyewe ili zikunjike kwanza, na sikubali kuacha chini ya kiganja kimoja kati ya sehemu yoyote ya chuma na kondensa. Vichwa vya bolti navielekeza mbele au pembeni. Wateja wengine hulalamika kwamba bampa limetokeza mno na gari limekuwa na sura ya nyumbu. Nawajibu kwamba nafasi hiyo tupu ndiyo wanayoilipia. Kama gari lina mifuko ya hewa, huwa nawashauri wasiongeze kitu kabisa, kwa kuwa vihisi vyake vimepangwa kwa mbonyeo wa kiwandani, na chuma kigumu huweza kuvichanganya, tukiacha kile ambacho paipu hiyo humfanyia mwendesha bodaboda.

Urefu kutoka ardhini nao una maana yake. Mhimili wa gari dogo hupita chini ya bodi la lori, na hapo kinachogongwa ni boneti, shoo (ile grili ya mbele) na nusu ya juu ya rejeta, wakati mhimili wenyewe hauna hata mkwaruzo. Paipu ya juu inaweza kusaidia hapo, mradi isimame juu ya breketi zile zile za chini na isiegemee sapoti. Isizibe njia ya upepo pia: nimeona magari yenye spotilaiti nne mbele ya shoo yakichemsha kwenye mlima wa Marangu bila kugonga chochote.

Matengenezo baada ya ajali ndiyo yanayoniudhi zaidi. Gari linaletwa, maboksi yamejikunja, fundi anayanyoosha kwa nyundo, anapaka pati na rangi, bampa la plastiki linarudi mahali pake na mwenye gari anashukuru. Bati lililokwisha kujikunja na kunyooshwa halitajikunja tena kwa namna ile ile. Tafuta maboksi ya mtumba yaliyo mazima, au nunua nozi kati kamili, yaani sehemu yote ya mbele iliyokatwa kutoka gari jingine, ikiwa mfuko unaruhusu, na usikubali sponji ikatupwa kwa madai kwamba haionekani. Kagua pia bushi za mpira zinazoshika rejeta kwa chini. Rejeta hutakiwa kucheza kidogo. Nimekuta nyingine zimekazwa kwa waya wa kufungia nondo, na rejeta ya aina hiyo hupasuka kwenye tangi la plastiki hata kwa pigo dogo.

Ukishagonga, simama na uangalie chini. Mwenye Noah hakusimama. Aliona matone ya kijani, akajaza maji ya chupa, akaendelea kuelekea Usa River. Rejeta iliyotoboka haishiki tena presha, na maji yasiyo na presha katika mwinuko wa Arusha, mita 1,400 hivi, huchemka kwenye nyuzi 95, si 100, wakati injini hiyo hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 90 na kitu. Alipofika Usa River mshale wa temperecha ulikuwa umelala juu, gasketi ya silinda hedi imeungua na hedi yenyewe imepinda. Rejeta tuligawana gharama, kwa kuwa kosa la bampa lilikuwa langu. Hedi aliilipa mwenyewe, na ilikuwa ghali mara kadhaa kuliko rejeta.