Kuhama na mtoto baada ya talaka, mimi nilianza kwa kukosea

Dada uliyeuliza kama unaweza kuhama na mwanao wa miaka 7 kwa kuwa mahakama ilikupa wewe mtoto, ngoja nikusimulie yangu maana nami niliwaza hivyohivyo na ikanitokea puani.

Amri yangu ilisema mtoto akae na mimi, baba yake amchukue wikendi mbili kwa mwezi. Nikapata kazi mji mwingine, saa sita kwa basi. Ijumaa usiku nikamtumia baba mtu meseji, Jumapili tumeshaondoka. Wiki ya tatu nikaletewa wito wa mahakama kazini mbele za watu, kumbe zile wikendi mbili nazo ni amri vilevile na aliyeivunja ni mimi.

Hakimu wala hakunigombeza. Aliniuliza shule inafunga lini, sijui. Nauli ya mtoto kwenda kwa baba yake atalipa nani, sijui. Mara ya mwisho ameongea na baba yake lini, hapo nikainamia kiatu changu. Akaamuru mtoto arudishwe mpaka kesi isikilizwe, na ile kazi nikaiachia hivihivi.

Mwaka uliofuata ikatokea nyingine, safari hii nikafungua maombi KABLA ya kufungasha hata soksi. Nikaenda na kalenda ya mwaka mzima nimeipaka rangi, kijani siku za baba, likizo nusu kwa nusu, nauli ya kwenda yangu ya kurudi yake, video koli Jumatano na Jumapili saa moja jioni, jina la shule mpya na barua kwamba nafasi ipo. Wakili wangu alicheka ile kalenda lakini ndiyo ilibeba kesi, kwa sababu wewe ukisema "nataka maisha mapya" hakimu anasikia habari zako, na yeye anapima ustawi wa mtoto, yaani atabaki vipi na wazazi wote wawili. Mtoto mwenyewe anaweza akaulizwa pia kulingana na umri, usimkaririshe, wanajua tu.

Kama baba yake anakubali basi hata bora, ila "sawa nendeni" ya kwenye simu usiitegemee, mwandikishane, msaini, mpeleke mahakamani iingizwe kwenye amri. Watu hubadilika wakioa tena.

Kama ni nje ya nchi hapo ndo usiguse kabisa bila ruhusa. Kuna Mkataba wa Hague wa 1980, wa kurudisha watoto waliotolewa nchini kinyume na sheria, unahusu watoto chini ya miaka 16, na nchi zilizojiunga zimepita mia. Ukimtoa mtoto kinyume na haki ya malezi ya mwenzio, na nchi zote mbili zikawa kwenye mkataba, akifungua maombi ndani ya mwaka mmoja kwa kawaida mtoto anarudishwa alikokuwa anaishi. Ukipita mwaka bado anaweza kurudishwa, labda uthibitishe ameshazoea huko. Na ile kesi haiamui nani mlezi bora, hilo wanaliacha kwa mahakama za kule mlikotoka, kwa hiyo ukienda na hadithi ya jinsi baba yake alivyo mvivu unapoteza muda. Kama kumrudisha kutamweka mtoto kwenye hatari kubwa, mahakama inaweza kukataa kumrudisha, lakini wanataka ushahidi haswa.

Kwa hiyo kama unakimbia kipigo achana na kalenda zangu, tafuta kwanza amri ya ulinzi na wakili, na usimwambie mtu unakoenda.

Wa kwangu aling'oka jino juzi, akaliweka mbele ya kamera mpaka baba yake akawa haoni kitu zaidi ya kidole.

Sasa tuambie, amri yako inasemaje kuhusu kuhama, kuna notisi ya siku ngapi? Na unakoenda ni ndani ya nchi au nje?