Swali la lugha: Kambale wa manjano, kambale mnjano au kambale zeruzeru?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nakuandikia kutoka Ilagala. Kaka yangu alivua kambale kwa mshipi katika Mto Malagarasi, naye alikuwa wa njano mwili mzima, kichwa hadi mkia, ila macho yake meusi kama ya kambale wengine. Tulipomfikisha nyumbani watu walijaa uani. Huyu anasema "kambale mnjano", yule "kambale njano", shangazi akasema "kambale ya njano", na wapo waliomwita "zeruzeru". Mimi nilituma picha kwenye kundi la familia nikaandika "samaki nyekundu ya njano", maana mapezi yake yalikuwa na wekundu kidogo, nikachekwa bila kuelezwa kosa langu. Ipi ni sahihi? Na je, Kiswahili kina neno moja la samaki aliyezaliwa na rangi tofauti na wenzake?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Sahihi ni kambale wa manjano, au kambale wa njano, vyote viwili vinakubalika. "Mnjano" haipo. "Kambale njano" imeacha kiungo chake njiani. Kuhusu "zeruzeru", nitakuomba usimwite hivyo samaki wala mtu, na nitakueleza kwa nini.

Nianze na rangi. Kiswahili kina mizizi mitatu tu ya rangi inayobeba kiambishi cha ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Hiyo hugeuka kwa kufuata nomino. Mtazame kambale wa kawaida anapotolewa majini: mgongo mweusi, tumbo jeupe, ngozi nyororo isiyo na magamba, macho meusi, sharubu nne kila upande wa mdomo. Mweusi, jeupe, meusi: samaki mmoja ameshatupitisha kwenye viambishi vitatu. Kwa hiyo utasema kambale mweupe, kambale weupe. Kambale mwekundu, kambale wekundu.

Kwa rangi nyingine nyingi tumeazima majina ya vitu. Manjano ni ile binzari ya njano wanayotia kwenye pilau na mchuzi. Kijani kimetoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, zambarau ni tunda, waridi ni ua. Kitu hakigeuki kuwa sifa kwa kubandikwa m- mbele yake. Huwezi kusema "mtu mkahawa" ukimaanisha ngozi yake ni ya kahawia. Ndiyo maana "mnjano" hukwaruza sikio hata la mtu asiyejua kanuni: sikio linajua kwamba manjano ni kitu, na kitu huunganishwa kwa -a. Kambale wa manjano, gari la kijani, shuka la zambarau, kanzu ya kijivu.

Sasa "nyekundu" yako. Tunakosea hapo kwa sababu tangu darasa la kwanza tunakariri rangi peke yake: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Maumbo hayo yanafuata neno "rangi", ambalo huwapo akilini hata lisipotajwa. Mtu akizoea, anambandikia samaki "nyekundu" kana kwamba samaki ndiye rangi. Ukitaka kuitumia "nyekundu", ipe neno lake, rangi: kambale wa rangi nyekundu, kambale mwenye rangi nyekundu. Ukiliondoa neno rangi, sifa inamrudia samaki: kambale mwekundu. Na kama wekundu ulikuwa mapezini tu, basi ungesema "kambale wa manjano mwenye mapezi mekundu", au "mekundumekundu" ikiwa ni wekundu hafifu. Kurudia hivyo kunapunguza ukali wa rangi. Tukitaka kuukoleza tuna tanakali: mweupe pe, mweusi tii.

Ya shangazi yako, "kambale ya njano", inahitaji nafasi zaidi, kwa sababu shangazi hayuko peke yake. Simama asubuhi kwenye mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, boti zinaporudi, usikilize. "Dagaa hizi bei gani?" "Migebuka hii imelala." "Samaki ya kukaanga ipo?" Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, ndugu zetu huunganisha kwa "ya" karibu kila kitu, na sisi tunaishi nao, tunafanya nao biashara, tumeoana nao. Siwezi kuwaita wajinga. Hata hivyo Kiswahili sanifu, kile cha mtihani, gazeti na barua ya ofisi, humtazama kiumbe kwa uhai wake, si kwa umbo la jina lake. Mgebuka lina sura ya mti na miti, lakini ni mgebuka huyu, migebuka hawa. Ni sawa na kipepeo huyu na vipepeo hawa, ijapokuwa jina lina sura ya kiti na viti. Samaki mkubwa amevuliwa. Samaki wakubwa wamevuliwa.

Wengi huniuliza: hata akishakufa? Hata akiwa sahani moja na ugali? Ndiyo. Samaki huyu wa kukaanga ni mtamu. Ukitaka kutoka kwenye ngeli ya viumbe, badilisha neno lenyewe: kitoweo hiki ni kitamu. Kwenye dagaa naona usemi wa sokoni una mantiki yake, maana muuzaji anapima fungu na ndoo, hahesabu kiumbe mmoja mmoja. Mazungumzoni simsahihishi mtu. Kwenye maandishi naandika dagaa hawa.

Kuna jambo dogo la kuangalia. "Wa" hutumika kwa mmoja na kwa wengi: kambale wa manjano anaweza kuwa mmoja au kumi. Idadi itaonekana kwenye kitenzi au kwenye sifa nyingine. Na ukiwa na sifa zaidi ya moja, tanguliza ile yenye kiambishi: kambale mkubwa wa manjano. Inasomeka vizuri kuliko "kambale wa manjano mkubwa".

Wapo watakaokuambia uandike "kambale wa dhahabu", kwa sababu anang'aa. Hapo usiliache neno rangi. "Samaki wa dhahabu" ni samaki aliyetengenezwa kwa dhahabu, kama pete ya dhahabu. Mwenye rangi hiyo ni samaki wa rangi ya dhahabu. Huko Marekani, jimbo la West Virginia, yupo trauti wa namna hiyo: katika miaka ya 1950 alionekana samaki mwenye manjano kwenye kituo cha kuzalishia samaki, wakamzalisha, na mwaka 1963, jimbo lilipotimiza miaka 100, kizazi chake kikaanza kumwagwa mitoni kwa ajili ya wavuvi wa ndoano. Wavuvi humwita wa dhahabu kwa lugha yao. Kwa Kiswahili tukimwita hivyo bila "rangi ya", tumesema jambo jingine.

Nije kwenye "zeruzeru". Tuliza akili hapa, kijana wangu, kwa sababu hapa kosa linaumiza watu.

Kwanza, si kweli kuhusu samaki wenu. Rangi ya samaki hutokana na chembe za aina mbalimbali ngozini: zipo zenye weusi, yaani melanini, zipo zenye manjano na wekundu, na zipo zinazorudisha mwanga kama kioo, ndizo zinazompa mgebuka ule weupe wa fedha. Kiumbe mwenye ualbino hukosa melanini, au huwa nayo kidogo mno, mwili mzima, hata machoni, ndiyo maana kwa samaki wa hali hiyo macho huonekana mekundu au ya waridi: unaona damu iliyo nyuma. Kambale wenu ana macho meusi. Melanini anayo. Kilichopungua ni weusi wa ngozini, manjano yaliyokuwa chini yake yakatokeza. Kwa hiyo ulivyoandika swali lako, "wa njano mwili mzima, ila macho yake meusi", ulishamweleza kwa usahihi kuliko wote waliojaa uani.

Pili, neno lenyewe. Kamusi zetu bado zinalo, lakini wenye hali hiyo wamelikataa, nao ndio wenye haki ya kulikataa. Limetumika kuwatania, kuwatenga, na katika mikoa yetu ya magharibi na ya kanda ya ziwa watu wameuawa kwa imani za kipuuzi kwamba viungo vyao huleta utajiri, na hata samaki wengi wavuni. Hapa Kigoma hatuhitaji kwenda mbali: Kabanga, wilayani Kasulu, watoto wenye ualbino wamewahi kukusanywa waishi shuleni kwa ajili ya usalama wao. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 13 Juni kuwa siku yao. Tunasema mtu mwenye ualbino, watu wenye ualbino. Kwanza mtu, kisha hali yake. Ukilirusha lile neno la zamani kwa kambale, mbele ya watoto, huku watu wanajadili kama samaki huyo ni bahati au mkosi, umeziamsha imani zile zile. Ukikutana na samaki mweupe mwenye macho mekundu, sema samaki mwenye ualbino, basi.

Kuhusu neno moja la kuwakusanya wote, sioni hasara kutokuwa nalo, kwa sababu rangi hizi hazina asili moja, na Kiswahili kina maneno ya kuzitenganisha. Madoa na madoadoa ni madogo, kama ya kanga. Mabaka ni makubwa, yenye kingo. Milia ni kama ya punda milia. Marakaraka ni mchanganyiko wa rangi usio na mpango, kama nguo iliyotiwa viraka.

Tofauti hizo zina kazi. Kwenye mito ya mashariki ya Marekani huvuliwa samaki aina ya bass wenye mabaka meusi kama wino uliomwagika, na watafiti wameyahusisha na virusi. Ukiandika "samaki mweusi" umeuficha ugonjwa. Kwenye maziwa ya Kanada kuna samaki waitwao walleye wanaotoka majini wakiwa wa buluu, lakini buluu hiyo imo kwenye ute, inatokana na protini iitwayo sandasianini, na inaweza kubaki mkononi mwako unapomshika. Huyo ni samaki mwenye ute wa buluu. Na hapa kwetu, kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, yupo samaki mdogo wa mapambo, Tropheus duboisi: utotoni ni mweusi mwenye madoa meupe, akikua madoa yanapotea, kichwa kinakuwa cha buluu na kiunoni anavaa mkanda mweupe au wa manjano. Ni samaki yule yule, hana kasoro. Ukikosa neno la madoa na neno la mkanda utadhani ni samaki wawili.

Chini ya picha yako, basi, andika hivi: "Kambale mkubwa wa manjano, mwenye macho meusi na mapezi mekundumekundu, aliyevuliwa kwa mshipi katika Mto Malagarasi, Ilagala." Na umsalimie shangazi.