Jibu: Mtoto wa miezi 14, nimpeleke kwa daktari wa meno au nisubiri?
Dada yangu wa Wete, umeuliza kama umpeleke sasa au usubiri mpaka aanze skuli. Mpeleke sasa, usingoje. Jino la kwanza likishatoka, mtoto asivuke mwaka mmoja hajaonwa. Mimi wangu nilimchelewesha, nyumbani wakisema meno ya utotoni si yatang'oka tu. Kufika miaka 4 akawa halali, kashika shavu usiku kucha. Kumbe yale magego hukaa mpaka miaka 10 au 12!

Leo mnyanyue mdomo wa juu, mulika kwa tochi ya simu. Ukiona mstari mweupe kama chokaa karibu na ufizi, huenda kuoza kumeanza. Na ile chupa ya chai ya maziwa anayolala nayo, tafadhali mwachishe.