Nilipie kozi ya CNA au nitafute kazi kwanza?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi kwetu Tanga, sasa hivi niko Kent, jimbo la Washington huku Marekani, nimekuja na grinikadi. Nataka kazi ya kutunza wazee majumbani, hii wanaita ukegiva, sasa kila ninayemuuliza ana lake, mmoja anasema lazima usome CNA, yaani msaidizi wa nesi mwenye cheti, mwingine anasema hata cheti hawaulizi, na kuna chuo kinataka dola 1,400 kabla ya Ijumaa ndo wanishikie nafasi. Nina fomu foo tu, ila bibi yangu nilimuuguza mimi mpaka anafariki, kumgeuza, kumuogesha, yote. Hiyo haihesabiki? (Mgeni wa Kent)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa bibi. Hiyo 1,400 usitoe kwanza. Chuo kinachokukimbiza hivyo mi nakitilia mashaka hata kama kina leseni ukutani.

Waliokujibu wote wako sawa, kila mtu anaongelea kazi yake tu. CNA ni wa nasingi homu, yaani makao ya kutunzia wazee na wagonjwa, na hospitali. HHA, msaidizi wa afya wa nyumbani, ni yule anayetumwa na ejensi inayolipwa na Medicare, bima ya serikali ya wazee, huyo sheria ya nchi nzima inamtaka masaa 75 ya mafunzo, 16 kati yake awe anafanya kwa mikono huku nesi anamuangalia, halafu kila mwaka masaa 12 ya kunoa, na akikaa miezi 24 hajaifanya hiyo kazi kwa malipo anaanza upya. Halafu ndo yupo kegiva wa kawaida, wa kupika, kuogesha, kumsindikiza mzee kliniki, huyu serikali kuu haijampangia masaa, kila jimbo lina lake. California anaanza na masaa 5 tu na kujisajili, kwenu Washington wamekaza, ukiajiriwa na ejensi ni masaa 75 pia, 5 ya mwanzo kabla hujamgusa mteja, yaliyobaki unamaliza ndani ya siku 120 tangu uajiriwe, na cheti cha jimbo kiwe mkononi ndani ya siku 200.

Umeona hapo? Unaajiriwa kwanza ndo unasoma. Na kegiva wengi wanaowahudumia wateja wa Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, hawatoi hela yao mfukoni kulipia darasa, wengine wanalipwa hata yale masaa ya kukaa darasani. Kwa hiyo piga simu ejensi mbili tatu uulize, mafunzo mnatoa nyie? Hata kama roho yako iko kwenye CNA, nasingi homu ikishakuajiri au kukuahidi kazi hairuhusiwi kukutoza ada ya mafunzo, na ukijilipia mwenyewe ukapata kazi nasingi homu ndani ya miezi 12 una haki ya kudai urudishiwe. Hili watu wetu wengi hawaambiwi.

Bibi sasa. Masaa yake hayahesabiwi, ila kwenye intavyuu yaseme bila aibu. Tatizo mtihani wa vitendo wa kupata cheti una taratibu zake, nyumbani ulimgeuza bibi basi, huku unabisha hodi, unanawa mikono, unamueleza mgonjwa unachotaka kumfanyia, unamfungia pazia, na ukisahau vitu vidogo kama hivyo wanakukata maksi hata kama mikono yako ni mizuri kuliko ya mwalimu.

Fomu foo inatosha, muhimu uwe na miaka 18 na karatasi za kufanya kazi, alama za vidole watachukua kuangalia kama una kesi. Kingine, wakitaka kipimo cha TB omba cha damu. Sisi tuliochanjwa BCG, chanjo ya TB, utotoni (si unakiona kikovu begani) kile cha kuchoma mkononi kinaweza kuvimba ukaambiwa una TB wakati huna, ukaanza kuzungushwa kwenye eksirei wakati shifti zinaenda kwa wengine.

SWALI: Shangazi mambo, niko Mombasa, nimesoma ukegiva miezi sita na nina cheti. Kuna ajenti anasema atanipeleka Uingereza kutunza wazee, anataka laki mbili za kuanzia. Nitoe? (Kijana wa Likoni)

JIBU: Usitoe hata shilingi. Uingereza ilifunga viza ya kegiva kwa watu wapya wanaotoka nje tangu tarehe 22 Julai 2025, cheti chako hata kiwe kizuri vipi hakiifungui hiyo njia. Anayekuuzia sasa hivi labda hajui au anajua vizuri sana. Kama ni Ulaya unaitaka, Kenya ina makubaliano ya kazi na Ujerumani tangu Septemba 2024, ila kule bila Kijerumani cha kueleweka huendi popote, kwa hiyo laki mbili zako ni bora zilipe mwalimu wa lugha.