Kabla ya kupima udongo wa msituni, uliza mvua ilinyesha lini

Wanafunzi na wajumbe wa kamati za misitu za vijiji huniuliza mara kwa mara ni mwezi gani unafaa kuchukua sampuli za udongo ili kupima vijidudu na kaboni iliyomo. Baada ya misimu kadhaa ya kazi hiyo katika miombo ya Kitulangalo, mkoani Morogoro, jibu langu ni kwamba mwezi hautoshi: andika kwanza tarehe ya mvua ya mwisho, na kiasi chake kama kuna kipima mvua karibu.

Katika kiangazi, tangu Juni hadi Oktoba hivi, tabaka la juu la udongo hukauka na kazi ya vijidudu, yaani viumbe wadogo wasioonekana kwa macho kama bakteria na kuvu, hupungua sana. Si wote wanaokufa. Wengi hulimbikiza ndani ya seli zao chembechembe zinazoyeyuka, ili maji machache yaliyobaki yasiwatoke, na hubaki wamezubaa huku majani yaliyopukutika yakirundikana juu yao bila kuoza. Mvua ya kwanza ya vuli inapoingia ghafla, baadhi ya seli hizo hupasuka, nyingine hutapika zile chembechembe ili zisipasuke, na mabonge ya udongo hupasukapasuka na kufichua mboji iliyokuwa imefungiwa ndani. Walionusurika hukuta karamu, na hewa ya ukaa wanayoipumua hutoka ardhini kwa wingi ndani ya saa chache, kisha hupungua siku zinavyopita. Jambo hili lilielezwa kwa kina mwaka 1958 na H. F. Birch, aliyekuwa akifanya utafiti Muguga, karibu na Nairobi, na hadi leo wanasayansi duniani huliita kwa jina lake. Hata ile harufu ya ardhi iliyonyeshewa inatokana kwa sehemu kubwa na jamii fulani ya bakteria wa udongoni.

Kwa hiyo, ukipima hewa ya ukaa siku moja baada ya mvua hiyo na kuifanya kuwa wastani wa mwaka, utakuwa umekuza hesabu kupita kiasi. Na ukilinganisha msitu ulionyeshewa jana na ule ambao bado ni vumbi, hujalinganisha misitu bali mawingu. Pima kabla ya mvua, pima mara tu baada yake, kisha rudi tena udongo ukiwa umetulia. Chimba kidogo kwa kisu pia, kwa sababu mara nyingi mvua ya kwanza hulowesha sentimita chache tu, na chini yake utakuta udongo mkavu kabisa.

Kaboni yote ya udongo ni suala jingine. Vijidudu hai kwa kawaida hubeba takriban asilimia 1 hadi 5 tu yake, kwa hiyo jumla ile, ambayo mara nyingi hupimwa hadi kina cha sentimita 30, haibadiliki kwa kiasi kikubwa kati ya kiangazi na masika. Nikiletewa ripoti inayodai kwamba kaboni imepanda sana kati ya Septemba na Januari, huuliza kwanza kama mizizi midogo na vipande vya majani viliondolewa kwenye chekecheo, na kama uzito wa udongo kwa ujazo ulipimwa upya. Mara nyingi mjadala huishia hapo.

Ninalolisisitiza kuliko yote linahusu safari ya kwenda maabara. Sampuli ya kupima kaboni yote unaweza kuianika kivulini bila wasiwasi, lakini ya vijidudu usiianike: ukiikausha kisha maabara wakailowesha, watakuwa wamenyesha mvua ya kwanza ndani ya chupa, na namba utakazopewa zitakuwa za mvua hiyo. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ikiwa na unyevu wake, iweke kwenye kasha lenye barafu bila kuigandisha, kisha ihifadhi kwenye friji yenye nyuzi 4 za Selsiasi na ipimwe mapema iwezekanavyo. Kama barafu haipatikani huko uliko, ni afadhali upime kaboni yote peke yake na uache vijidudu hadi utakapojipanga.