Fundo la nane: kalamu kwanza, programu baadaye

Ukianza kusoma mafundo ya kihisabati, yaani vitanzi vya kamba vilivyounganishwa ncha, kwa jiometri ya haiperboli (jiometri ya nafasi iliyopinda kinyume na tufe), shika fundo la nane, lile la mapishano manne, ulimalize kwa kalamu kabla hujafungua SnapPy, programu ya kuchunguza nafasi za aina hii. Kinachochunguzwa si kamba yenyewe, ni nafasi inayobaki ukishaiondoa kamba. Wanahisabati Gordon na Luecke walithibitisha mwaka 1989 kwamba nafasi hiyo hulitambulisha fundo, ukiacha tofauti ya fundo na taswira yake ya kioo.

Kwa fundo la nane, mwanahisabati William Thurston alionyesha kuwa nafasi hiyo hupatikana kwa kubandika tetrahedroni mbili, yaani piramidi za nyuso nne za pembetatu, ambazo vipeo vyake vimesukumwa hadi infiniti. Umbo la kila moja linaelezwa na namba changamano moja, z kwa ya kwanza na w kwa ya pili. Kingo mbili zinazokabiliana hubeba z. Jozi mbili zilizobaki hubeba 1/(1−z) na (z−1)/z. Pembe ya kila namba ndiyo pembe ya piramidi kwenye ukingo huo. Ukishabandika, kingo 12 zinakuwa 2 tu, kila mmoja ukizungukwa na pembe 6. Zidisha namba zinazouzunguka ukingo, jibu liwe 1:

z(z−1)w(w−1) = 1

Ukingo wa pili hauongezi kitu, unarudia mlinganyo uleule. Basi una mlinganyo mmoja na namba mbili, majibu hayahesabiki, na hapo ndipo wanafunzi wengi huokota jibu lolote wakaendelea. Kilichosahaulika ni sharti la ukamilifu, yaani nafasi isiwe na ukomo unaofikiwa kwa umbali wenye kikomo; linasomwa kwenye torasi (uso wenye umbo la pete) inayolizingira fundo: w(1−z) = 1. Liingize juu, upate z² − z + 1 = 0. Chagua jibu lenye sehemu ya kufikirika chanya, 0.5 + 0.866i, lile jingine linapindua piramidi na kutoa ujazo hasi. Pembe zote zinakuwa nyuzi 60, sita zinatimia 360. Ujazo wa kila piramidi ni takribani 1.01494, jumla 2.02988.

Hakikisha jumla ya pembe kwa kujumlisha kweli. Zao la 1 hutokea hata pembe zikifika nyuzi 720, na hiyo si jiometri unayoitaka.

Sasa fungua programu, uite solution_type() kabla ya volume(). Ikisema kuna tetrahedroni zilizopinduka, usihukumu fundo: mara nyingi ubaya uko kwenye jinsi nafasi ilivyogawanywa kuwa tetrahedroni, kwa hiyo ita randomize() ujaribu tena. Fundo la mapishano matatu halitakubali hata ujaribu siku nzima, kwa sababu ni fundo la torasi, yaani linalokaa juu ya uso wa torasi, na halina jiometri ya haiperboli. Desimali nazo si uthibitisho. Ndani ya SageMath, programu ya hisabati, verify_hyperbolicity() ndiyo inayothibitisha.

Ujazo usiufanye kitambulisho. Fundo 5_2 (la pili katika orodha ya mafundo ya mapishano matano) na fundo la preteli (−2,3,7), lenye safu tatu za misokoto 2, 3 na 7, ya kwanza ikielekea kinyume, yana ujazo uleule, takribani 2.82812, ilhali jenasi (idadi ndogo kabisa ya mishikio ya uso ambao ukingo wake ni fundo) ya la kwanza ni 1 na ya la pili ni 5. Kulinganisha tumia is_isometric_to(). Ikijibu True, iamini, ila haijali kioo: fundo na taswira yake zitapita kama kitu kimoja, na mwelekeo itabidi uukague peke yake.